Uzi: Neva zinavyopokea na kusimba hisia, kuanzia ncha ya kidole hadi mkia wa domodomo

#1 Mwalimu_Nyegezi

Wakuu, salaam. Kuna swali linalowasumbua wanafunzi wengi wa afya na wa baiolojia hapa Mwanza. Mwanga, sauti, joto na mguso ni vitu tofauti kabisa, lakini neva zote zinapeleka mpigo wa umeme wa aina moja. Sasa ubongo unajuaje kwamba hiki ni mwanga na kile ni joto, kwamba hiki ni kikali na kile ni hafifu? Tulichambue hapa hatua kwa hatua. Mifano mingi itatoka ziwani, kwa sababu Ziwa Victoria lina samaki, domodomo akiwemo, wanaolieleza somo hili vizuri kuliko michoro ya vitabuni.

Nianze na jibu lenyewe. Mwanga hauingii kwenye ubongo, wala sauti haiingii. Yanayoingia ni mapigo, na kwenye mapigo hayo ubongo unasoma mambo matatu: yamepita njia ipi, ni mangapi kwa sekunde, na yamefika lini yakilinganishwa na mapigo mengine.

Tuchukue mguso. Seli ya neva iliyotulia ina takriban milivolti -70 ndani ikilinganishwa na nje. Ngozi inapobonyea, utando wa ncha ya neva unavutika na vijilango vya ioni (chembe zenye chaji ya umeme) vinafunguka. Kijilango kikuu cha mguso mwepesi ni Piezo2. Kilitambuliwa mwaka 2010 na maabara ya Ardem Patapoutian kule Marekani, na mwaka 2021 yeye na David Julius wakapewa Tuzo ya Nobeli. Ioni chanya, hasa sodiamu, zinaingia na volti inapanda. Kupanda huku kuna viwango: ukigusa kidogo inapanda kidogo, ukikandamiza inapanda sana. Tatizo ni kwamba badiliko hili linafifia ndani ya milimita chache tu, na kutoka kidole cha mguu hadi uti wa mgongo ni karibu mita nzima.

Ndiyo maana kuna hatua ya pili. Volti ikifika karibu milivolti -55 kwenye sehemu ya mwanzo ya aksoni (uzi mrefu wa seli ya neva), vijilango vingine vya sodiamu vinafunguka kwa mkupuo na mpigo unazaliwa: unapanda hadi karibu +30, unadumu takriban milisekunde moja, kisha unasafiri bila kupungua. Mpigo hauna mkubwa wala mdogo. Ama upo ama haupo. Ukikandamiza zaidi hupati mpigo mkubwa zaidi, unapata mapigo mengi zaidi kwa sekunde. Edgar Adrian na Yngve Zotterman walilionyesha hili mwaka 1926 kwa kutundika vizito kwenye msuli wa chura na kurekodi neva moja moja. Adrian alipata Nobeli mwaka 1932 pamoja na Charles Sherrington.

#2 TabibuMtarajiwa

Shikamoo Mwalimu. Hapo kwenye hatua mbili ndipo wengi tunapochanganya. Je, kuna namna ya kuzitenganisha kwa vitendo, ili mtu aone kweli kwamba ni vitu viwili?

#3 Mwalimu_Nyegezi

Marahaba. Ipo, na unakutana nayo kila siku kwenye chumba cha kushona vidonda: ganzi ya lidokaini. Lidokaini inaziba vile vijilango vya sodiamu vinavyotengeneza mpigo. Ngozi iliyochomwa ganzi ukiibonyeza bado inabonyea, na ncha za neva bado zinapata badiliko lao dogo la volti, ila halizai mpigo. Mgonjwa hasikii kwa sababu taarifa imekwama mlangoni, si kwa sababu kipokezi kimekufa.

Hapo hapo utaelewa kwa nini ganzi haishiki vizuri kwenye jipu. Lidokaini inapita kwenye utando wa neva ikiwa haina chaji. Usaha na uvimbe huleta asidi, asidi inaipa dawa chaji, na sehemu kubwa ya dawa inabaki nje ya neva. Kuongeza dozi palepale penye usaha hakusaidii sana na kunakaribisha sumu ya dawa mwilini. Choma pembeni, kwenye ngozi nzima, kuzunguka jipu.

#4 Fizio_Igogo

Natia nanga hapa. Kwenye hilo la mapigo mengi kumaanisha nguvu kubwa, lazima tuongeze kuzoea, la sivyo mtu atadhani neva inapima nguvu kama ilivyo. Vipokezi vingi havipimi nguvu, vinapima badiliko la nguvu.

Kwenye ngozi isiyo na nywele ya kiganja na vidole kuna aina nne kuu za vipokezi vya mguso. Merkel hukaa juu, wanazoea polepole, na ndio wanaokueleza ukingo na umbo la kitu. Meissner nao wako juu, wanazoea haraka, na wanasikia kitu kinapoteleza. Mtetemo wao ni kama hezi (mara kwa sekunde) 30 hadi 50. Ruffini hukaa chini zaidi na husikia ngozi inapovutwa. Wa nne ni Pacini, naye ana tabaka nyingi kama kitunguu. Huyu anasikia mtetemo wa hezi 200 hadi 300, hata unaopitia kwenye kitu ulichoshika.

Mshike mvuvi wa mshipi mkono anapotega, utaona anauacha uzi wa nailoni upite juu ya kidole cha shahada. Samaki akigusa chambo, mtetemo unapanda kwenye uzi hadi kidoleni, na Pacini anautambua hata kama ngozi imesogea chini ya mikromita moja. Lakini uzani wa risasi uliopo kwenye uzi huo muda wote, Pacini hautaji. Alitoa mpigo mmoja au miwili uzi ulipokaza, akanyamaza. Atatoa mingine ukilegea.

Kunyamaza huko kunatokana na yale matabaka. Majimaji yaliyo kati yake yanasambaza mkandamizo ukitulia, na ncha ya neva iliyo katikati haibonyei tena. Werner Loewenstein na wenzake waliyamenya matabaka na kukuta ncha tupu inazoea polepole zaidi. Kwa hiyo kuzoea kumeanza kwenye muundo wa kipokezi chenyewe, kabla taarifa haijafika popote karibu na ubongo.

#5 Mwaloni_Usiku

Uzi mzuri sana wakuu. Nina swali la upande wa dagaa. Kila mtu wa mwaloni, kule boti zinakoshushia samaki, anajua kwamba kazi ya kuvua dagaa kwa taa ni ya usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu watu wanapumzika. Taa ni ile ile, iwe karabai au ya sola, na dagaa ni wale wale. Kifiziolojia kinachobadilika ni nini?

#6 Furu_wa_Mwamba

Mkuu, kinachobadilika ni mandhari ya nyuma. Jicho halipimi mwanga wa taa peke yake, linapima taa dhidi ya kila kilichoizunguka. Ernst Weber wa Ujerumani aliliona hili katika karne ya 19: tofauti ndogo kabisa unayoweza kuitambua ni sehemu fulani ya kile kilichokuwepo tayari. Ukishika gramu 100 na kuongezewa gramu 5 unaweza kutambua. Ukishika kilo 5 na kuongezewa gramu 5 hutambui kitu.

Weka tarakimu. Usiku wa nyota bila mwezi mwanga unaofika juu ya maji ni karibu lakisi (kipimo cha mwanga) 0.001 hadi 0.002. Mwezi mpevu ukiwa juu unaweza kufika lakisi 0.1 au 0.2, yaani karibu mara 100. Mwanga wa taa hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Kwa hesabu hiyo tupu, mwanga wa nyuma ukipanda mara 100, umbali ambao taa bado inaonekana kwa utofauti ule ule unashuka mara 10. Majini upungufu si mkali kiasi hicho, kwa kuwa maji yenyewe yalishaubana mwanga wa taa tangu mwanzo, ila bado eneo linalovutiwa na taa linasinyaa sana. Tena eneo ni la pande zote, kwa hiyo umbali ukipungua kwa nusu tu, eneo la maji limebaki robo.

Halafu kuna seli zenyewe. Jicho la wanyama wenye uti wa mgongo lina seli za fimbo kwa ajili ya giza, na seli za pia (zenye umbo la koni) kwa ajili ya mchana na rangi. Zote zinafanya kazi kinyume na ngozi. Gizani ziko karibu milivolti -40, vijilango vyake viko wazi na zinamwaga glutamati (kemikali ya kupeleka ishara) muda wote. Mwanga ukigonga rodopsini, ile kemikali ya fimbo inayonasa mwanga, mnyororo wa kemikali unafunga vijilango, volti inashuka kuelekea -70, na kumwaga kunapungua. Ishara ya mwanga ni ukimya. Fimbo moja inaweza kuitikia fotoni moja. Baylor, Lamb na Yau walirekodi jambo hilo kwenye jicho la chura mwaka 1979. Lakini kipokezi chenye uwezo huo kinajaa upesi. Mwanga wa nyuma ukipanda, seli zinashusha unyeti wake ili zisifike ukomo, na zikishusha, kila kitu kilicho hafifu kinapotea machoni.

#7 Mwaloni_Usiku

Nimekupata mkuu. Na upande wa binadamu? Mtu anatoka kwenye mwanga wa taa anageuka kutazama gizani, haoni kitu.

#8 Furu_wa_Mwamba

Seli za pia zinarudi kwenye uwezo wao wa juu ndani ya dakika kama 10. Fimbo zinahitaji dakika 30 hadi 40, maana rodopsini iliyopaushwa na mwanga lazima itengenezwe upya. Sekunde chache za kuitazama taa moja kwa moja zinakurudisha nyuma sana.

Kwa vitendo: anayetazama mbele kwenye mtumbwi asikae akiikabili taa. Akihitaji kusoma simu au kutengeneza injini, atumie mwanga mwekundu hafifu, kwa sababu fimbo za binadamu hunyonya zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 498 na nyekundu haziioni kwa urahisi. Akitaka kutambua kitu hafifu gizani asikikazie macho katikati, atazame pembeni yake kidogo: katikati kabisa ya retina (utando wa nyuma ya jicho wenye seli hizi) hakuna fimbo. Na mtu ambaye dakika 40 zinapita bado haoni kabisa gizani, hasa mtoto, apelekwe kituo cha afya. Rodopsini hutengenezwa kwa vitamini A, na upofu wa usiku ni dalili ya mapema ya upungufu wake. Usisubiri hadi jicho likauke.

#9 TabibuMtarajiwa

Naomba turudi kwenye "njia ipi". Kama mapigo yote ni sawa, kweli njia peke yake inatosha kuamua kwamba hiki ni mwanga?

#10 Mwalimu_Nyegezi

Inatosha, na unaweza kulithibitisha sasa hivi. Kaa kwenye chumba chenye giza, fumba macho, tazama upande wa puani, kisha gusa taratibu kwa ncha ya kidole kona ya nje ya kope. Utaona duara la mwanga upande wa pili, karibu na pua. Hakuna mwanga ulioingia. Umeisukuma retina kwa nguvu ya kawaida tu, na kwa kuwa neva ile inakwenda kwenye eneo la kuona, ubongo umesoma "mwanga". Limetokea upande wa pili kwa sababu picha kwenye retina huwa imegeuzwa. Bonyeza kidogo mno, na asijaribu mtu aliyefanyiwa upasuaji wa jicho au aliyevaa lenzi. Johannes Müller wa Ujerumani alilijengea kanuni jambo hili katika karne ya 19.

Pilipili ni mfano wa pili. Kijilango cha TRPV1, alichokitambua David Julius na wenzake mwaka 1997, hufunguka joto likifika nyuzi 43 hivi. Kapsaisini ya pilipili inakifungua bila joto lolote. Neva inatoa mapigo yale yale ambayo ingetoa kwa uji wa moto, na ubongo hauna namna ya kutofautisha. Ndiyo maana unatokwa jasho. Maji hayasaidii kwa kuwa kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta. Maziwa yanasaidia zaidi.

Na kwa vile tumefika mdomoni: mchoro wa ulimi unaoonyesha utamu mbele na uchungu nyuma bado unazunguka kwenye madaftari. Ufutwe. Ladha zote zinapokelewa sehemu zote zenye vinundu vya ladha.

#11 Fizio_Igogo

Kwenye njia, msisahau kwamba zinatofautiana kasi, na hilo linaonekana kila mtu anapojikwaa kwenye mawe yetu. Umegonga kidole cha mguu kwenye jabali. Umbali hadi uti wa mgongo tuseme mita 1. Nyuzi nene za mguso, zenye mayelini (ganda la mafuta), zinakwenda mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba za maumivu ya haraka zinakwenda mita 5 hadi 30. Nyuzi za C, zisizo na mayelini, zinakwenda mita 0.5 hadi 2 tu. Kwa hiyo mguso unafika ndani ya milisekunde 30, maumivu makali ya kuchoma yanafika kwenye milisekunde 50 hivi, na yale mazito yanayopwita yanafika baada ya sekunde nzima. Ile nafasi ya kuvuta pumzi kabla maumivu makubwa hayajaja ni urefu wa mguu wako ukigawanywa kwa kasi ya nyuzi C.

Kusugua palipogongwa kunapunguza maumivu kweli. Nyuzi nene za mguso zikipiga mapigo mengi, zinaamsha seli za uti wa mgongo zinazozuia taarifa ya nyuzi nyembamba. Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa maelezo hayo mwaka 1965. Undani wake umerekebishwa tangu wakati huo, lakini wazo la msingi limesimama.

#12 TabibuMtarajiwa

Kwa wagonjwa wa kisukari, mguu unapopoteza hisia ni nyuzi zipi zimekwenda? Na ule uzi wa nailoni wa kupimia miguu kliniki unapima nini hasa?

#13 Fizio_Igogo

Swali muhimu sana, nitakaa hapa kidogo.

Kisukari kinaharibu nyuzi za aina zote, na kinaanza na zilizo ndefu zaidi, ndiyo maana vidole vya miguu vinatangulia vya mikono. Zikiathirika nyuzi nyembamba mgonjwa anapoteza joto na maumivu, na mara nyingi anapata ganzi yenye kuunguza usiku. Zikiathirika nene anapoteza mguso na mtetemo. Mtu wa namna hiyo akipita peku kwenye jabali lililopigwa na jua la saa nane anaungua bila kujua, kwa kuwa taarifa ya joto haifiki. Msumari kwenye ndala unakaa siku nzima.

Uzi wa nailoni wa gramu 10 unapima mguso na mgandamizo, yaani nyuzi nene. Umetengenezwa upinde kwa nguvu ile ile kila mara, hata mpimaji akisukuma zaidi. Fanya hivi:

Mgonjwa alale au akae, soksi zitoke. Mgusishe kwanza mkononi ili ajue anachotakiwa kusikia. Kisha afumbe macho. Gusa sehemu ya chini ya kidole gumba cha mguu, kisha chini ya vichwa vya mifupa ya kwanza, ya tatu na ya tano ya nyayo. Uzi usimame wima juu ya ngozi, usukume hadi upinde, na kugusa hadi kuondoa kuchukue sekunde 2 hivi. Usiuburute. Usiulize "unasikia?" kila unapogusa. Uliza "nimekugusa? wapi?" na mara moja kati ya tatu usiguse kabisa. Kwenye kila sehemu, majibu mawili sahihi kati ya matatu yanatosha. Makosa mawili kati ya matatu, mguu huo uko hatarini kupata kidonda.

Yanayoharibu kipimo ni haya. Kupima juu ya sugu: sugu ni nene, nguvu haifiki kwenye vipokezi, utaandika ganzi isiyokuwepo, sogea pembeni yake. Kuburuta uzi: unaamsha vipokezi vya kuteleza na mgonjwa anajibu sahihi hata kama mgandamizo wake umekufa. Mwendo wa kuhesabika: ukigusa kila baada ya sekunde 3 mgonjwa atajibu kwa mdundo. Na uzi wenyewe kuchoka: nailoni iliyopinda mara nyingi inalegea na kupinda kabla ya gramu 10. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari unashauri usipime zaidi ya wagonjwa 10 hadi 15 kwa uzi mmoja bila kuupumzisha saa 24. Mahali penye foleni ya wagonjwa 40 na uzi mmoja, wa mwisho wanapimwa na kitu kingine kabisa.

Kama kuna uma wa mtetemo wa hezi 128, ongeza: uweke kwenye mfupa wa juu wa kidole gumba cha mguu, mgonjwa aseme mtetemo unapokoma. Vifaa vyote visipokuwepo, gusa kwa wepesi ncha za kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu kwa ncha ya kidole chako cha shahada, sekunde 1 hadi 2. Usisukume, usipapase. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, mchukulie kuwa amepoteza hisia ya kinga.

#14 Mwalimu_Nyegezi

Ahsante sana Fizio. Wanafunzi, chapeni post hiyo muibandike ukutani.

Niongeze jambo moja kuhusu "lini". Mwaka 2004 Roland Johansson na Ingvars Birznieks walionyesha kwamba mpangilio wa mapigo ya kwanza kabisa kutoka kwenye vipokezi vya ncha ya kidole, nani ametangulia na nani amefuata, unatosha kueleza nguvu imeelekea wapi na kitu kilichoguswa kina umbo gani. Kuhesabu mapigo kwa sekunde kunahitaji kusubiri. Mkono unaoshika sato anayeponyoka hauna muda huo.

#15 Furu_wa_Mwamba

Kwenye rangi kuna mfano wetu wenyewe wa Ghuba ya Mwanza ambao dunia nzima inausoma, nao unafungua fumbo moja la usimbaji.

Seli ya pia moja, ikiwa peke yake, haijui rangi. Fotoni ikishanyonywa, seli inaitikia vile vile, iwe fotoni ya buluu au nyekundu. Nyekundu kali na kijani hafifu zinaweza kutoa itikio lile lile. Rangi inapatikana kwa kulinganisha aina mbili au tatu za seli za pia zenye opsini (protini za kunasa mwanga) tofauti. Ni uwiano kati ya njia.

Sasa njoo kwenye furu, wale samaki wa ziwa letu. *Pundamilia pundamilia* ni wa buluu na hukaa maji ya juu. *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, dume lake ni jekundu mgongoni na hukaa chini zaidi. Maji ya ziwa letu yana chembe nyingi zinazomeza buluu mapema, hivyo kadiri unavyoshuka mwanga unaobaki unaelekea machungwa na nyekundu. Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake, uliotoka mwaka 2008, ulikuta aina hizi mbili zinatofautiana kwenye jeni ya opsini ya mawimbi marefu: unyonyaji wa juu wa moja ni karibu nanomita 544, wa nyingine karibu 559. Tofauti ya nanomita 15, na inafuata kina. Jike linaona vizuri zaidi rangi inayong'aa kwenye mwanga wa makazi yake, na humo humo linachagua dume.

Kisiwa cha Makobe maji ni maangavu, na aina mbili zimetengana waziwazi. Kisiwa cha Luanso, ndani ya ghuba penye maji machafu, mwanga hauna nafasi ya kutofautiana taratibu kwa kina, na furu wa hapo wamechanganyika. Tope na mbolea vinapomwagika ziwani havichafui maji tu. Vinaondoa taarifa ambayo jicho la samaki lilijengwa kuisoma, na aina mbili zinarudi kuwa moja bila nyavu hata moja kutupwa. Hili linaniuma, na nadhani linastahili kusemwa kwenye kila mkutano wa mazingira wa kanda hii.

#16 Mwaloni_Usiku

Na domodomo? Kichwa cha uzi kimemtaja.

#17 Mwalimu_Nyegezi

Nilikuwa nasubiri swali hilo.

Domodomo, *Mormyrus kannume*, yule wa pua ndefu anayechokonoa matope usiku, ana hisia ambayo sisi hatuna. Kwenye shina la mkia wake kuna misuli iliyogeuka kuwa seli za umeme. Anatoa mapigo mafupi ya umeme dhaifu, mkono wako hauyasikii. Akitulia ni machache kwa sekunde, akichunguza kitu yanafika makumi. Hans Lissmann wa Cambridge ndiye aliyefungua somo hili mwaka 1951, kwa samaki wa Afrika wa ukoo wa karibu.

Ngozi yake ina vipokezi vya umeme vya aina tatu, na kila kimoja kina usimbaji wake. Aina ya kwanza inasikia umeme wa polepole unaotoka kwa viumbe wengine, kama mabuu waliofukiwa topeni. Hiyo inabadilisha idadi ya mapigo kwa sekunde. Ya pili inasikia umeme wake mwenyewe ukirudi umebadilika. Kitu kinachopitisha umeme vizuri kuliko maji, mfano mdudu hai, kinaongeza mkondo kwenye ngozi iliyo mbele yake. Jiwe linaupunguza. Kipokezi hiki kinaeleza tofauti hiyo hasa kwa muda: mkondo ukiwa mkubwa, mpigo wa kwanza unatoka mapema, ukiwa mdogo, unachelewa kwa milisekunde chache. Ya tatu inasikia umeme wa samaki wenzake, na inatoa mpigo mmoja tu kwa kila tukio, kwa usahihi wa muda ulio chini sana ya milisekunde moja.

Mambo matatu niliyoyataja mwanzo, njia, idadi na muda, yote yako kwenye ngozi ya samaki mmoja anayeuzwa soko la Kirumba hapa Mwanza.

#18 TabibuMtarajiwa

Mwalimu, kama anapiga umeme mwenyewe mara makumi kwa sekunde, hachanganyi wake na wa wenzake?

#19 Mwalimu_Nyegezi

Hachanganyi, kwa sababu ubongo wake una nakala ya amri. Kila unapoamuru mkia upige, unatuma nakala ya amri hiyo kwenye vituo vya hisia. Kwenye kituo cha kusikiliza wenzake nakala inazuia: kwa milisekunde chache chochote kinachoingia kinafutwa, maana ni sauti yake mwenyewe. Kwenye kituo cha kuchunguza mazingira nakala inafanya kinyume, inafungua, na inatumika kama saa ya kupimia mpigo umechelewa kiasi gani. Bila nakala hiyo ule usimbaji wa muda usingesomeka, kwani kuchelewa kunahitaji mahali pa kuanzia kuhesabu.

Binadamu anayo pia. Sogeza macho kushoto na kulia, chumba hakitembei. Fumba jicho moja, lile lililo wazi lisukume taratibu juu ya kope, chumba kinatembea. Mara ya pili misuli ya jicho haikupewa amri, hakuna nakala, na ubongo umesoma kwamba dunia ndiyo iliyosogea.

#20 Mwaloni_Usiku

Shule yenye chombo cha maji inaweza kuonyesha huo umeme wa domodomo?

#21 Furu_wa_Mwamba

Inaweza, na vifaa si vya gharama kubwa. Tafuta domodomo mzima asiye na jeraha, muweke kwenye beseni kubwa la plastiki lenye maji ya ziwa na pampu ya hewa, pamoja na kipande cha bomba la plastiki ajifiche. Chukua nyaya mbili, menya sentimita 1 kila ncha, zizamishe zikiwa zimeachana sentimita 15 hadi 20: moja upande wa kichwa cha bomba, nyingine upande wa mkia. Ncha za pili ziende kwenye kikuza sauti kidogo cha betri chenye spika. Utasikia mapigo makavu yasiyo na mpangilio sawa, yanayoongezeka ukimshtua au ukileta kitu karibu.

Yanayoharibu: ukisikia mngurumo usiobadilika, huo ni umeme wa ukutani wa hezi 50. Zima taa na chaja za karibu, tumia betri peke yake, sokota nyaya mbili pamoja hadi karibu na maji, na weka waya wa tatu wa kikuza sauti ndani ya maji hayo hayo. Ukisikia kimya, angalia nyaya zimekaaje: zikiwa zimekatiza mwili wa samaki badala ya kuufuata kutoka kichwa hadi mkia, ishara inakuwa ndogo sana. Usiongeze chumvi kwa kudhani itasaidia umeme kupita. Maji ya Ziwa Victoria yana upitishaji wa karibu mikrosimensi 100 kwa sentimita. Chumvi ikiingia, mkondo wa samaki unajimaliza karibu na mwili wake, na nyaya zako hazipati kitu.

Pampu ya hewa ikileta kelele, izime kwa dakika mbili tatu wakati wa kusikiliza, kisha iwashe tena. Usimweke zaidi ya kipindi kimoja cha somo, umrudishe ziwani jioni.